Bakuli la Mama Pasi

Mtu akikuambia Mama Pasi ni mkali, mwambie hajaona kitu. Jina lenyewe hakupewa na wazazi wake. Amepiga pasi nguo za watu tangu ujana, pasi ile nzito ya mkaa, ndani ya chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na joto la chumba kile limemwingia mpaka kwenye ulimi. Chelewa kuchukua shati lako uone. Utalikuta limekunjwa vizuri, kola imesimama, vifungo vyote vipo, lakini kabla hujakabidhiwa utasemwa wewe, atasemwa aliyekulea, na hata fundi aliyelishona hataachwa. Watu wanavumilia, watafanyaje? Hakuna mwingine mtaani anayenyoosha nguo kama yeye.

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Fundi viatu, mpole, mtu wa kucheka kwa mabega bila sauti kutoka. Asubuhi alishona soli, mchana akafunga sanduku lake akaenda bustanini, kule nyuma ya tangi la maji, ambako kikundi cha watu wa mtaa kimegawana vipande vya ardhi na kila mmoja analima mboga zake. Mama Pasi hakuwa na habari na bustani. Siku za kazi alikuwa amefukiwa na marundo ya nguo. Jumapili tu ndiyo alikwenda kumwita mumewe aje kula, na hapo pia hakuingia ndani, asije akachafua viatu. Alisimama njiani, mkono kiunoni.

"Wewe! Chakula kinapoa! Au nikuletee na kitanda huko huko?"

"Njoo kwanza uone vitunguu," mumewe alimjibu kila mara.

"Vitunguu nitaviona kwenye sufuria. Twende!"

Kutoka pale njiani kilichoonekana ni kabichi tu, maana kabichi zilikuwa mbele, na vitunguu vilikuwa ndani huko, upande wa shamba la wifi yake. Na Jumapili baada ya Jumapili alimwona mumewe akipita kati ya kabichi na bakuli la bati lenye maua mekundu, anachota mbolea ya chumvichumvi na kuirusha huku na huku kama mtu anayelisha kuku. Hayo ndiyo aliyoyajua Mama Pasi kuhusu kilimo cha mumewe, na hakutaka kujua zaidi.

Lingine alilolijua ni la vijiko. Walipooana walitunzwa seti ya vijiko vya chai vyenye ua dogo kwenye mpini. Basi vijiko vile vikaanza kutoweka, kimoja leo, kingine baada ya miezi. Mume akiulizwa, jibu lake lilikuwa lile lile: "Labda panya."

"Panya anakoroga chai?"

Mume anacheka kwa mabega, anaondoka. Mwisho Mama Pasi akakata shauri kwamba mwizi ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, muuza mboga, kwa sababu kila kijiko kilipotea siku chache baada ya wifi huyo kuja kuwatembelea. Na unadhani aliliweka moyoni? Thubutu! Alimwambia mbele ya wageni, kikombe kikiwa mkononi mwa mtu. Wifi akaweka kikombe chini, akavaa viatu vyake, na tangu siku hiyo salamu zao zikawa za barabarani.

Halafu fundi viatu akafa. Aliugua kidogo tu, wala hakusumbua mtu, kama kawaida yake. Sanduku la viatu akachukua mwanafunzi wake, nguo zikagawiwa ndugu, na kilichobaki cha kusema hiki ni cha fulani kikawa kile kipande cha ardhi nyuma ya tangi. Watu wa kikundi walidhani atakirudisha. Mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga tope atalima nini? Mwenyekiti wao, mzee anayeshika ufunguo wa maji na ambaye kila mtu anamwita Bwana Bomba, alimwendea kwa adabu zote.

"Shemeji, pole sana. Sasa, kuhusu lile shamba la marehemu..."

"Haliendi popote," alisema Mama Pasi, pasi ikiwa juu. "Atakayelitaka aje anikute nimelala chini, anifukie humo humo."

Bwana Bomba akaaga upesi.

Alichotaka Mama Pasi ni vitunguu. Vile vya mumewe, vilivyokuwa vinajaa kiganja, ambavyo alikuwa akivikata huku analia machozi na kumlaumu aliyevileta. Akapanda vitunguu shamba zima, mbele mpaka ndani, kabichi hata moja hakuna. Akalitoa bakuli la maua mekundu kwenye ndoano, akanunua mbolea, akairusha vile vile alivyomwona mwenyewe akirusha. Wala hakukosea mkono, jamani. Mtu angemwona kwa mbali angesema fundi viatu amerudi.

Wiki chache baadaye shamba lilikuwa kijani kinachong'aa. Lakini si vitunguu. Mchicha pori ulikuwa umejaa pomoni, mashina mekundu manene kama vidole vya mkono, na chini yake vitunguu vimejikunyata, vyembamba, vya njano, vimelala ubavu. Mama Pasi akavua viatu, akaingia kung'oa. Aking'oa leo, Jumapili ijayo umerudi na ndugu zake. Akaangalia vile vitunguu vilivyokonda, akasema vina njaa. Mtu mwenye njaa hupewa nini? Chakula. Basi akajaza bakuli akarusha tena, safari hii mara mbili ya mwanzo, na magugu yakapokea kwa mikono miwili. Mchicha ukamfika kiunoni. Kila alivyozidi kuwahurumia wale wagonjwa ndivyo alivyozidi kuwanenepesha waliokuwa wakiwakanyaga, na hakuliona hilo, maana mtu akiwa na hasira anaona mtu, haoni kitu.

Na mtu alikuwapo. Upande wa pili wa mfereji, shamba la wifi lilikuwa safi, vitunguu vimesimama kwa mistari, katikati ya mistari udongo mtupu na gugu moja moja lililodumaa. Ardhi ni ile ile, maji ni yale yale, jua ni moja. Sasa niambie, hili liwe safi vipi na hili lijae magugu vipi? Mama Pasi akapiga hesabu zake akapata jibu: wifi anang'oa magugu kwake na kumtupia mbegu kwake. Anataka shamba. Alianza na vijiko, sasa amefika kwenye ardhi.

Siku moja asubuhi, watu wote wakiwa wamepanga ndoo bombani, aliyamwaga.

"Wewe wifi, kama unataka shamba la kaka yako si useme? Mbegu za magugu unazonitupia unazitoa wapi, unalala nazo?"

Watu wakasahau ndoo zao. Wifi si mtu wa kelele, na yeye na kaka yake walitoka tumbo moja. Lakini siku hiyo alikuwa ameshiba maneno.

"Mimi? Mimi nikutupie mbegu wewe?"

"Kila kinachopotea kwangu kiko kwako, na kila kibaya cha kwako kiko kwangu!" akajibu Mama Pasi.

"Mbegu za mchicha pori zimo ardhini tangu kabla hatujazaliwa, Mama Pasi! Zimo kwangu, zimo kwako, zimelala. Wewe ndiye unayeziamsha kwa bakuli lako! Unarusha chakula shamba zima, kila aliyemo anakula. Kabichi hata ukiirushia haina neno, inashiba, inatandaza majani, chini inatia giza, gugu linakosa jua linakufa. Kitunguu kina jani gani la kumfunika mtu? Kikishiba kinasimama tu. Gugu lina mizizi ya kunyang'anya, linakula sahani yake na ya kitunguu, linampanda kichwani. Unawapikia wageni, mwenye nyumba analala na njaa, halafu unasema nimeroga mimi!"

"Mume wangu alirusha hivyo hivyo!"

"Kaka yangu hakurusha kwenye vitunguu hata siku moja! Yeye..."

"Usinifundishe mume wangu!" Sauti ya Mama Pasi ilifika mpaka barabarani. "Nimelala naye mimi! Nimemfulia mimi! Nilimwona kwa macho yangu mawili, Jumapili zote za Mungu!"

Wifi akaitua ndoo yake. Kisha akapunguza sauti, na hapo ndipo ilipotisha.

"Haya. Tuta lako la mwisho, lile linalopakana na langu kabisa. Ling'oe magugu yote. Usilirushie kitu. Nitakachotia mimi nitakitia mchana, ukiona. Kama mimi ndiye natupa mbegu, hilo ndilo litakalojaa kuliko yote, maana ndilo lililo karibu na mkono wangu. Likijaa, nenda kamwambie Bwana Bomba, na mimi nitaondoka hapa na ndoo yangu."

"Nakubali," akasema Mama Pasi, mate yakimruka. Alikubali kwa chuki tupu. Alitaka amkamate.

Wifi akaja kesho yake na kizibo cha soda. Akachora mfereji mwembamba kwa kidole kando ya mstari wa vitunguu, akawa anamimina kizibo cha mbolea hapa, anafukia, anasogea, anamimina tena. Katikati ya mistari hakuweka hata punje. Mama Pasi alisimama juu yake kama askari.

"Unawapa dawa wagonjwa? Hicho ndicho chakula cha kumshibisha mtu?"

Wifi aliendelea kumimina na kufukia. Alimaliza tuta, akapangusa mikono, akarudi kwake.

Sasa nikueleze jambo moja la bustani ile, ndipo utajua kwa nini Mama Pasi alikosa usingizi wiki zilizofuata. Pale hakuna anayenyang'anywa shamba kwa kutopata mavuno. Hiyo ni bahati yako na jasho lako. Lakini kabla ya mvua kubwa kikundi kizima kinapita shamba kwa shamba, na kwa kila shamba lenye magugu yaliyofunga mbegu, Bwana Bomba haamui wala hapimi. Anamgeukia jirani na kuuliza swali moja: "Jirani, unaumia?" Kwa maana mbegu zikianguka ni jirani ndiye atakayeng'oa msimu ujao. Jirani akisema naumia, shamba linapewa mwingine anayengoja ardhi. Akisema siumii, watu wanaendelea mbele. Na hakuna mzaha hapo, neno ni moja. Shamba la Mama Pasi limepakana na njia pande mbili na ukuta wa tangi upande wa tatu. Jirani aliyebaki ni wifi peke yake.

Na wifi huyo Mama Pasi alishampa vidonge vyake mbele ya watu. Sasa angojee neno lake.

Tuta la mwisho halikujaa. Mama Pasi alilitazama kila Jumapili akiliombea lijae, Mungu amsamehe. Mchicha pori ulichomoza, ndiyo, lakini ulikuwa mfupi, umepauka, mtu anaung'oa kwa vidole viwili. Vitunguu vikainuka, majani ya kijani iliyokolea, shingo nene. Na matuta mengine yote, yale ya bakuli, yakawa kichaka. Hapo ndipo hasira yake ilipozidi. Mtu ukiwa na wa kumlaumu, hasira ina pa kukaa; yeye sasa hakuwa naye. Alirudi nyumbani akaunguza shati la mteja, jambo ambalo halijawahi kutokea, akamwambia mteja shati lenyewe lilikuwa bovu.

Siku moja kabla ya ukaguzi hakuwasha pasi. Alikwenda bustanini alfajiri na jembe la marehemu, akaanza kufyeka. Alifyeka bila mpango, anakata anatupa, anakata anatupa, huku anayatukana magugu kama watu waliomkopa wakahama. Michicha mingine ilikuwa tayari imefunga mbegu, vichwa vizito vyeusi, kila pigo zinamwagika chini. Alijua kazi haitamalizika. Akaendelea tu.

Huko ndani, kwenye tuta ambalo zamani lilikuwa la vitunguu, jembe likagonga kitu. Si jiwe. Akainama akakichokoa. Kijiko cha chai. Udongo umekiganda, lakini mpini una ua dogo, na ukingo wake umeliwa na chumvi ya mbolea mpaka umekuwa mwembamba kama karatasi. Alikaa chini pale pale. Akachimba kwa mikono pembeni, kwenye mwanzo wa tuta linalofuata, akapata kingine, hiki kimepinda shingo.

Haikuhitaji mtu kuja kumfafanulia. Fundi viatu alikuwa akichota mbolea kwa kijiko cha harusi, mstari kwa mstari, kitunguu kwa kitunguu, siku za kazi, wakati mkewe amefungiwa na pasi zake. Bakuli lilikuwa la kabichi na la Jumapili. Kijiko kikizeeka alikichomeka kwenye mwanzo wa tuta kiwe alama ya vitunguu, akaenda nyumbani kuchukua kingine.

"Panya!" alipiga kelele Mama Pasi, na watu bombani wakageuka. "Panya, eh? Mwanamume mzima! Nakupikia, nakufulia, nakuuliza kijiko kiko wapi, unaniambia panya! Kwa nini hukuniambia? Ulikuwa na mdomo wa nini? Ulishindwa nini kuniambia?"

Alikipiga kile kijiko chini, akakiokota, akakipiga tena. Kisha akakishika tu mkononi, maana jibu alikuwa nalo. Aliambiwa. Kila Jumapili aliambiwa, njoo kwanza uone vitunguu, naye kila Jumapili alijibu chakula kinapoa. Hasira zikampanda. Alimkasirikia mumewe kwa kufa, akajikasirikia mwenyewe kwa kusimama njiani miaka yote ile akiogopa tope. Akalia kwa sauti, hakujali nani anamwona.

Asubuhi kikundi kikaja, watu wote, wamevaa nguo zilizopigwa pasi na yeye mwenyewe. Nusu ya shamba ilikuwa bado imesimama kichaka, na upepo ulikuwa unapeperusha mbegu ng'ambo ya mfereji, kila mtu anaona. Bwana Bomba akakohoa, akamgeukia wifi aliyesimama upande wake na ndoo yake.

"Jirani, una..."

"Usimuulize!" Mama Pasi alikuwa na macho mekundu. "Anaumia. Kwa nini ajibu, hamna macho? Mbegu zinamwangukia kichwani. Nimezilisha mwenyewe kwa bakuli langu, hakuna aliyenitupia kitu. Nilimwita mwizi wa shamba, uongo. Nilimwita mwizi wa vijiko mbele za watu, uongo. Vijiko hivi hapa, alikuwa navyo kaka yake, analishia vitunguu." Akavitupa ng'ambo, vikaangukia miguuni pa wifi. "Chukueni shamba. Alama zake sikuzijua alipokuwa hai, nitazijulia wapi sasa?"

Wifi akaokota vijiko. Akavipangusa kwa upindo wa nguo yake, kimoja kimoja, akakiangalia kile kilicholiwa ukingo muda mrefu sana. Alipoinua uso alikuwa amefura kwa hasira.

"Bwana Bomba, umemuuliza nani, mimi au yeye?"

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Basi niulize mimi!"

"Jirani, unaumia?"

"Siumii."

Mtu mmoja nyuma akaguna. "Lakini mbegu zile..."

"Wewe ndiye jirani yake? Nimesema siumii! Piteni!"

Wakapita. Neno ni moja. Wifi akaruka mfereji, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ile ya kizibo cha soda, akaanza kukata vichwa vya mbegu na kuvitia guniani kabla havijamwagika. Mama Pasi akashika mstari wa pembeni yake. Walifanya kazi mpaka jua likawa kali.

"Usidhani nimekusamehe," akasema wifi bila kugeuka.

"Nani kaomba?"

"Hukuomba?"

Mama Pasi akang'oa gugu kwa nguvu likatoka na bonge la udongo. "Naomba," alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kuwasema waliochelewa kuchukua mashati.

Walipofika mwisho wa tuta, wifi akajinyoosha mgongo, akatoa vijiko mfukoni. Kile kilichopinda akamrudishia. Kile kilicholiwa ukingo akakirudisha mfukoni mwake.

"Hiki nakichukua mimi. Sasa nenda bombani ukawaambie watu kweli nimeiba."

"Chukua," akasema Mama Pasi. "Ni cha kaka yako."